Kelele Kavu, Daraja la Kwanza

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe, Wilkista alichukua ufagio wa vijiti akafagia kelele iliyoanguka jana yake jioni kando ya ua wa miiba ya kayaba. Ilikuwa ya rangi ya majivu, nyepesi kama makapi ya mahindi, na mtu akiikanyaga ilitoa mlio mdogo: chek, chek. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Kelele huzoleka, ila inataka ufagio mgumu na mgongo usiouma. Wilkista aliizoa, akaitupa shimoni nyuma ya zizi, akaenda kupika chai.

Kelele yenyewe ilikuwa ya Kigen, jirani yake wa upande wa chini, pale pembeni mwa mji wa Kitale. Kigen alikodisha spika za harusi, za mazishi, za siasa na za injili. Lori lilizirudisha alasiri, na jua likielekea kuzama alizipanga uani, nyingine ndefu kumshinda yeye mwenyewe, akazijaribu moja moja ili kesho zisimwaibishe mbele za watu. Hakuwa mtu mbaya. Akichinja alimletea Wilkista nyama ya figo, na ng'ombe wa Wilkista alipokwama mtaroni ni Kigen aliyemvuta. Ila alipenda mlio mzito, ule wa kutikisa vikombe kabatini.

Mumewe Wilkista, mzee Walubengo, alikuwa dereva wa trekta, na zamani sauti yake ilivuka shamba zima juu ya ngurumo ya injini. Kiharusi kilimwachia sauti kidogo tu. Ilitoka mara moja kwa siku, jua likizama, maneno machache, kisha koo likafunga mpaka kesho. Saa hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Kigen. Wilkista aliona midomo ya mumewe ikicheza, asisikie kitu.

"Eeh, Baba Viola," alimjibu. Au, siku nyingine, "Ni kweli kabisa."

Mzee aliridhika, akatazama ng'ombe wakiingia. Wilkista hakuridhika hata kidogo. Daktari alikuwa amesema sauti hiyo inakwisha, na hajui itakwisha lini. Mtu aishi na mume tangu usichana wake, halafu maneno yake ya mwisho ayaitikie kwa kubahatisha! Lilimuuma kuliko jino.

Alianza kwa jirani mwenyewe, kama inavyotakiwa.

"Kigen, si uwe unajaribu hizo spika mchana? Mzee anaongea saa hiyo tu."

"Mama, mchana ziko kazi bana. Na nisipotesti, kesho maiki inazima kwa matanga ya watu. Ni dakika kidogo tu. Pole sana kwa mzee." Akampa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, ampelekee mgonjwa.

Basi Wilkista akavaa viatu vya kanisani, akaenda ofisi ya malalamiko mjini. Afisa Jepkoech alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida ofisini, kisha akauliza kielelezo kiko wapi.

"Kielelezo cha nini, binti yangu?"

"Cha kelele, mama. Kila siku watu wanakuja hapa, ati jirani ana kelele, jirani ana kelele. Leta hiyo kelele tuione."

Wilkista aliona neno hilo lina haki. Haba na haba hujaza kibaba: aliacha kutupa, akaanza kushindilia kwenye magunia. Yalipojaa aliyashona midomo, akayapeleka kwa mkokoteni. Jepkoech alidunga gunia la kwanza kwa chuma kile chenye mfereji wanachodungia magunia ya mahindi, akamwaga kidogo kiganjani, akaitia kwenye mashine ya kupima unyevu.

"Imelowa," alisema. "Hii itaota ukungu kwa stoo. Enda uanike."

Hakuna mkulima wa Kitale ambaye hajawahi kuambiwa hivyo juu ya mahindi yake, kwa hiyo Wilkista hakubishana. Alitandaza turubai kando ya barabara, katikati ya mahindi ya watu, akaanika kelele, akawa anaigeuza kwa reki na kuifunika mvua ikitisha. Kuku walidonoa pembeni, na jogoo wake akawika kwa besi wiki nzima. Wapita njia walimwuliza kama imekauka. Alitafuna kidogo kwa magego, akawaambia bado.

Safari ya pili Jepkoech aliridhika na ukavu. Kisha akachota konzi, akaiweka sikioni, akakunja uso.

"Lakini ni chafu. Ya jirani iko, sawa. Lakini nasikia pia sufuria. Nasikia jogoo. Na kuna mzee mwingine anaongea hapa ndani. Sisi tunataka ya mshtakiwa peke yake. Kachambue, mama."

Wilkista alishika ukingo wa meza. "Huyo mzee anasema nini?"

Jepkoech alisikiliza tena. "Anasema chai ya leo imekolea maziwa."

Mwenye mkokoteni alisimulia baadaye kwamba hajawahi kuharakishwa vile na mtu mzima.

Nyumbani Wilkista alichukua ungo wake, akaketi kivulini, akapepeta. Kumbe kelele kubwa ndiyo nyepesi. Ukiirusha tu, upepo unaibeba, ikashukia kwenye turubai aliyotandaza. Maneno ya Walubengo yalikuwa madogo na mazito kama punje za wimbi, yakabaki kwenye ungo. Aliyaokota punje kwa punje akayatia sikioni.

"Ndama mweusi anachechemea, mwangalie," ilisema moja. Nyingine: "Usimwambie Viola nilianguka bafuni." Nyingine: "Leso hiyo ya kijani imekukaa." Leso ya kijani alikuwa ameigeuza tambara la jikoni tangu mwezi jana. Nyingine ilisema, kwa ile sauti ya mtu wa mitambo asiyeweza kunyamaza, "Spika ya kushoto ya Kigen imepasuka, ndiyo maana inakoroma."

Wilkista alicheka, kisha akalia, kisha akavifanya vyote viwili kwa pamoja, na ng'ombe akamtazama. Ndama alikuwa amepona mwenyewe zamani. Lile la spika alienda kumwambia Kigen, maana ujirani ni ujirani. Kigen alimshukuru sana, akaitengeneza, na tangu siku hiyo ikawa inavuma mara mbili zaidi.

Walubengo hakuweza kusema asubuhi, lakini asubuhi masikio yake yalikuwa mazima na hewa imetulia. Basi Wilkista akawa anapepeta kwanza, kisha anamjibu pale pale mezani. "Sijamwambia Viola, usijali." Mzee alitabasamu kwa upande ule wa mdomo uliobaki na nguvu. Hata hivyo, maneno ya jana ni kiporo. Wilkista alitaka kuyasikia yakitoka kinywani, ya moto, kabla hayajakwisha.

Kelele ilipokuwa safi, Jepkoech alimwambia kwamba mizani ya kupimia kelele ni moja tu, nayo iko Bungoma. Hii ndiyo inayoitwa kupigwa danadana. Wilkista alimwacha mzee kwa mpwa wake Roselyne, akakodi pikapu. Njiani, pale Kamukuywa, gunia moja lilipasuka. Wauza ndizi waliucheza wimbo wa injili uliomwagika mpaka ukaisha, wakamsaidia kushona.

Afisa wa Bungoma, Bwana Kizito, alipima, akachota, akanusa.

"Kelele safi hii, mama! Kavu, haina takataka. Daraja la kwanza. Hapa hatujawahi pata hivi."

Wilkista alijisikia vizuri, asifiche. Akauliza kesi itasikizwa lini.

"Kamati ikiketi."

"Itaketi lini?"

"Hapo sasa. Kamati inaketi hadharani, na kila mwananchi lazima asikie. Bila spika haiwezi kuketi."

"Si mtafute spika?"

"Mwenye spika tuko naye. Ni yule." Kizito alionyesha dirishani. Uani, Kigen alikuwa anashusha spika kutoka kwenye lori kwa ajili ya mkutano wa alasiri wa kuwahimiza wananchi wapunguze kelele. "Sasa kwa vile yeye ndiye mshtakiwa, hawezi kuleta spika za kesi yake mwenyewe. Na mkataba hauruhusu mwingine. Ukiisha, kesi itasikizwa."

"Unaisha lini?"

"Huwa unajiongeza wenyewe," alisema Kizito, na hakukuwa na mzaha usoni mwake.

Kigen alipomwona Wilkista alikuja mbio. "Mama! Si ungeniambia? Lori langu lilikuja nusu tupu bana!" Akajitwika magunia moja baada ya jingine mpaka stoo, akayapanga vizuri yasiguse ukuta wenye unyevu. Kisha akamnunulia soda. Wilkista aliinywa akisikiliza mkutano. Afisa mmoja alieleza jinsi kelele inavyodhuru moyo na ndoa, na hakuna neno lililopotea. Spika ya kushoto ilikuwa haikoromi tena.

Walirudi Kitale pamoja kwenye lori, bila malipo, wakiongea juu ya mbolea. Walifika jua likikaribia kuzama. Kigen alishusha mitambo, akaipanga, akaiwasha. Vikombe vikatikisika. Walubengo, kwenye kiti chake mlangoni, akafungua kinywa, na midomo yake ikacheza kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ni kweli kabisa, Baba Viola," alisema Wilkista, amechoka mpaka kwenye kucha.

Asubuhi alifagia, akaanika kidogo juani, akapepeta. Zilibaki punje chache. "Umechoka, Mama Viola. Kaa chini," ilisema ya kwanza. Alikaa chini. Akazitia nyingine sikioni.

"Hunisikii. Nilijua tangu mwanzo. Lakini usiache kuitikia. Hiyo sauti yako ndiyo nangoja mchana wote."

Chai ilichemka ikamwagikia makaa, na Wilkista hakuinuka.

Magunia yangali katika stoo ya Bungoma, na kila Jepkoech akikutana na Wilkista sokoni humwambia lalamiko lake liko hai. Kuna asubuhi punje hujaa konzi, na kuna asubuhi hupatikana moja tu. Wilkista huipepetea hata hiyo moja.

Jioni ya siku ile chai ilipomwagika, Kigen aliwasha mitambo kama kawaida. Walubengo akafungua kinywa. Wilkista alisogeza kiti karibu, akamtazama midomo mpaka ilipotulia, asisikie hata neno.

"Eeh, Baba Viola," alisema kwa nguvu zake zote. "Eeh!" Kisha akaingiza ungo ndani, usije ukalowa umande.