Chupa Iliyong'arishwa kwa Asidi

Mwosha chupa wa maabara, ambaye wote walimwita Shangazi, alikijua kilio cha mtu anayejizuia. Alikisikia nyuma ya kabati, akafunga bomba.

Binti mkemia alikuwa ameketi sakafuni, karatasi ya vipimo mapajani.

"Epoksidi yangu imefunguka yote, Shangazi. Kazi ya miezi minne!"

Shangazi hakusomea kemia, ila binti alikuwa amemweleza mara nyingi wakinywa chai. Epoksidi ni pembetatu ndogo ya oksijeni moja na kaboni mbili, zilizobanana kama watu watatu kwenye kiti cha wawili. Kwa kubanwa huko huwa tayari kufunguka na kumpokea mgeni, ndiyo maana dawa nyingi huanza kujengwa hapo. Lakini sharti aingie mgeni uliyemchagua. Ikigusa asidi kidogo tu, maji humtangulia mgeni huyo kuingia, na kazi yote huharibika.

"Mikono yangu haifai," binti alisema. "Kesho namwambia profesa naacha."

Shangazi akakumbuka. Juzi aliona chupa ya binti ina doa sugu, akataka kumfurahisha. Aliiloweka kwenye asidi mpaka ikametameta. Ilipaswa kusuuzwa kwa maji ya magadi yanayoua asidi, lakini yalikuwa yamekwisha, na mgongo ulikuwa unamuuma. Akaisuuza kwa maji matupu.

Angenyamaza, nani angejua? Ilibaki miezi mitano astaafu.

"Mwanangu, mikono yako haina kosa. Ni yangu." Akaeleza yote, hata uvivu wa kutofuata magadi mengine.

Binti aliikunja karatasi ya vipimo mara mbili, mara nne, mpaka Shangazi akatamani atukanwe yaishe.

"Kwa nini unaniambia?"

"Ili usiache."

"Shangazi, umeniua."

"Najua."

"Na chupa ilivyong'aa, nikasema leo nina bahati!" Kicheko kilimtoka, kikakatika njiani. Akajifuta kamasi kwa mkono wa koti, akainuka polepole. Alifungua friji, akainua kichupa cha mali ghafi kwenye mwanga.

"Inatosha kujaribu tena mara moja tu," alisema. "Profesa itabidi aniongezee muda."

Shangazi akavua aproni iliyolowa. "Twende wote. Habari ya chupa ni ya kusema mimi."

Mlangoni kwa profesa, binti ndiye aliyegonga. Kisha akasogea kumpisha Shangazi, akabaki amesimama pale pale, bega kwa bega naye.