Ringi ya Silinda ya Nne

Injini ya gari langu ilikuwa inakula lita moja ya oili kila siku mbili. Moshi wake wa buluu uliwafanya watu wa Litein wajue nimefika kabla hawajaniona. Ushirika wa maziwa wa Boito ukaniandikia barua: kuanzia Jumatatu, gari linalotoa moshi halibebi maziwa yetu, na njia itapewa mtu mwingine. Nilikuwa nayo miaka saba, lita mia sita kila asubuhi. Ndiyo ilitulisha.

Bonasi ya mwaka ya chai yetu ya shambani ilikuwa imeingia, ndogo. Nikaipeleka yote kwa injini.

Fundi wangu ni Jackton Obiero. Alishughulikia mitambo ya kiwanda cha chai miaka mingi, na sasa ana kibanda cha mabati nyuma ya soko. Alifungua injini, akapitisha kidole ndani ya silinda, akanionyesha ukingo uliobaki juu kabisa, pale ringi, zile pete za chuma za pistoni, hazifiki.

"Imekwisha, mzee. Ukitia ringi mpya humu ni kumvalisha mgonjwa suti."

Tukapeleka bloku, mwili wa injini wenye silinda, Kericho, silinda zikachimbwa na kupanuliwa mpaka saizi ya hamsini. Nikanunua pistoni nne za saizi hiyo na ringi zake, za bei ya chini kabisa dukani. Bloku ilirudi Alhamisi. Ijumaa asubuhi Jackton akapigiwa simu. Shemeji yake amefariki, mazishi ni Ahero, na hawezi kurudi kabla ya Jumanne.

"Ngoja nirudi," akasema.

"Siwezi. Barua umeisoma."

"Basi kaa hapo unisikilize."

Akanieleza. Mshale juu ya pistoni unatazama mbele ya injini. Ringi, kabla ya kuivalisha, unaiingiza peke yake ndani ya silinda, unaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni, halafu unaangalia mwanya kati ya ncha zake mbili. Nyembe tatu zikishikwa pamoja lazima zipite hapo. Zisipopita, unasugua ncha kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka zipite.

"Chuma kikipata moto kinaongezeka. Kama hakuna mwanya, ncha zinasukumana na ringi haina pa kwenda. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sema tena."

Nikarudia yote kama mtoto wa darasa la pili. Akacheka, akabeba mfuko wake, akaenda kuzika.

Kazi ya chini ya injini ilinimalizia Jumamosi yote. Jumapili mke wangu Rodah alienda kanisani peke yake, mimi nikaanza pistoni. Ringi ya juu ni ngumu na inavunjika kama sahani. Inauzwa kwa seti. Ukivunja moja unanunua zote, na mfukoni nilikuwa na mia tatu. Silinda ya kwanza nilisugua na kupima, nikasugua na kupima, mpaka nyembe tatu zikapita. Ya pili vilevile. Ya tatu, ringi iliponyoka kwenye tupa ikaanguka kwenye simiti. Ililia. Haikuvunjika, lakini nilikaa chini kwa muda kabla sijaweza kuiokota.

Rodah akarudi, akaniletea chai.

"Baba Chepngeno, Jackton ndiye ameenda mazishi, lakini uso wa maiti uko hapa."

"Imebaki moja."

"Kula kwanza."

Sikula. Ringi ya juu ya silinda ya nne niliipima, wembe mmoja ukapita. Nikajaribu mbili, zikakataa. Mgongo ulikuwa unaniuma tangu Ijumaa, vidole vimechubuka, na kila nikiangalia tupa nilisikia ile sauti ya simiti. Nikajiambia hii ni ringi moja kati ya kumi na mbili. Nikaivalisha hivyo hivyo.

Jumatatu injini iliwaka bila moshi. Nyaberi, karani wa ushirika, aliinama nyuma ya gari akanusa.

"Sasa mtu anaweza kuanika shuka hapa," akasema, akaniwekea alama kwenye kitabu chake.

Siku mbili niliendesha polepole, kama injini mpya inavyotaka. Jumatano nilichelewa. Kwenye mlima wa kutoka Boito, mitungi ikiwa imejaa, nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikasikia kama panga linakwaruza jiwe. Nguvu zikaisha, injini ikazima. Nyamweya, ambaye naye hubeba maziwa, alikuja na pikapu yake kuchukua mitungi, lakini jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Lita mia mbili na kumi zilikataliwa kwenye mizani.

Mchana tulivuta gari mpaka kwa Jackton. Nyaberi akaja na kitabu. Jackton akatoa pistoni ya nne. Ringi ya juu ilikuwa vipande vitatu, na silinda imechanwa toka juu hadi chini.

"Fundi, hii ni kazi yako," Nyaberi akasema.

Jackton akachukua kitambaa. Nyaberi akanigeukia mimi.

"Kipkurui, sheria unaijua. Nikiandika fundi ameharibu, kamati inakupa wiki mbili utengeneze. Nikiandika ni wewe, njia imeenda leo."

Jackton ndiye hutengeneza jenereta ya ushirika. Wote watatu tulijua kwamba akiandikwa pale hataitwa tena. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Andika fundi," akasema. "Mimi nina vibarua vingine."

Hakuwa navyo. Na mimi wiki mbili nilizitaka sana.

"Andika Kipkurui," nikasema. "Yeye alikuwa Ahero. Ringi nilitia mimi. Wembe mmoja tu ndio ulipita, na nilijua."

Jackton aliacha kufuta mikono.

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Wewe ni mjinga kabisa."

"Najua."

Nyaberi akaandika, akafunga kitabu.

Hasara yangu ni hii: pistoni na ringi, elfu kumi na nne. Kuchimba bloku, elfu sita. Gasketi, beringi na oili, elfu tisa mia tano. Maziwa yaliyoharibika, lita mia mbili na kumi kwa shilingi arobaini na tano, elfu tisa mia nne hamsini. Jumla ni elfu thelathini na nane mia tisa hamsini. Halafu njia ya Boito, iliyoniingizia elfu moja mia tano kila asubuhi. Hiyo sasa anaipata Nyamweya.