Vyeti vya Jumapili

Kwa miaka tisa nilisaini vyeti vya afya juu ya kiti cha skuta. Ilikuwa desturi ya kikundi chetu. Wiki tano kabla ya mashindano, tukishamaliza mazoezi marefu ya Jumapili, yaani kupanda mlima Panhala kwa baiskeli, kushuka, kisha kukimbia kuzunguka ziwa la Rankala, tunaishia kwenye kibanda cha misal, ule mchuzi mkali wa choroko unaoliwa na mkate, nyuma ya soko la mbao. Wenzangu wanatoa karatasi zao kwenye mifuko ya nailoni, mimi natoa muhuri kwenye kimkoba cha kiunoni, na kabla mchuzi wa pilipili haujapoa watu kumi na wanne wamethibitishwa kuwa na moyo mzima, mapafu mazima na akili timamu. Hilo la akili ndilo pekee nililokuwa na shaka nalo.

Sikumpima mtu. Nimpime nini mtu aliyepanda Panhala mbele ya macho yangu? Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Ukweli ni kwamba kufika saa nne asubuhi ya Jumapili nilikuwa nimechoka hata kumshika mtu mkono.

Mwaka huu uchovu ulikuwa wa namna nyingine. Saa kumi alfajiri naketi ukingoni mwa kitanda nikiwa na soksi moja mguuni, na ile ya pili naitazama tu. Mume wangu Anant, muuza sukari guru, alikuwa akisema chini ya blanketi kwamba hata aliyehukumiwa kunyongwa huamshwa alfajiri mara moja tu. Mimi ninaamshwa kila siku, na kwa hiari yangu. Sikumjibu. Maneno nayo yalihitaji pumzi.

Nilitaka kufika mwisho, basi. Mwaka jana, kwenye mashindano ya michezo mitatu huko pwani, niliogelea salama, nikamaliza kilomita tisini za baiskeli, halafu kwenye mbio za miguu nikaishiwa zikiwa zimebaki kilomita saba. Nilirudishwa na gari linalozoa walioshindwa, nimekaa kati ya vijana wawili wanaolia. Nina miaka arobaini na tisa. Nikasema mwaka huu nitafika, na nikafanya kosa la kulisema hadharani. Chama cha vijana wa mtaa kikabandika bango kubwa penye njia panda, picha yangu nikiwa nimevaa kofia ya baiskeli, na chini yake sura tano za wanakamati, kila moja kubwa kuliko yangu, zikimpongeza Dk. Vaijayanti kwa kumaliza mashindano ambayo hata hayajafanyika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kila asubuhi nilipita chini ya bango lile nikijiona mwizi.

Jumatatu nafunga, kama mama yangu alivyofunga. Siku hiyo naogelea kilomita mbili tumboni mna chai na kiganja cha punje za sago tu, ambavyo mfungo wetu unaviruhusu. Goti la kulia lilikuwa likiniuma tangu Juni, kwa hiyo kabla ya kila mazoezi nameza vidonge viwili vya maumivu, vile vile ambavyo mgonjwa wangu akivimeza bila chakula namfokea hadi wa kwenye foleni wanasikia. Nilikuwa nimeanza pia kutafuna barafu, bakuli zima nikirudi kazini. Nikasingizia joto. Usiniulize daktari gani hafahamu barafu ina maana gani. Mimi.

Basi Jumapili hiyo ya Oktoba tulikuwa tunapanda Panhala, na kwenye kona ya tatu Mwalimu akasimama. Huyu ni Pandurang Chougule, anafundisha hesabu sekondari, ana miaka hamsini na sita, na ndiye ninayefanya naye mazoezi siku zote. Alisema mnyororo umetoka. Sote tukasimama kumsubiri, mimi nikainamia usukani nikishukuru mnyororo wake. Alipoinuka nikaona mkono wake kifuani.

Kwenye kibanda, nilipokwisha kuwasainia wengine wote, alinisogezea karatasi yake, akaniambia nigonge muhuri tule. Sijui kilichonituma. Badala ya karatasi nikamshika kifundo cha mkono. Pigo, pigo, pigo, kimya. Pigo, pigo, kimya.

Nikamwambia sisaini mpaka aende kupimwa moyo. Vijiko vikatulia meza nzima. Alicheka, akaona sicheki, akaacha.

"Mwaka jana ulinisainia huku unatafuna mkate," alisema. "Moyo ni huu huu, Daktari."

"Mwaka jana sikuushika."

"Na wa kwako nani ameushika?"

Cheti changu nilikuwa nacho tayari. Kilisainiwa na Ketaki, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa mafunzo ya hospitali, binti ambaye nikimwambia mvua inanyesha atafungua mwavuli ndani ya nyumba. Nikasema mimi ni daktari, najijua. Mtu mmoja mwisho wa meza akasema kinyozi hajinyoi, wakacheka wote isipokuwa sisi wawili.

"Mimi nitapimwa kila kitu," alisema Mwalimu. "Lakini na wewe upimwe, dada. Ama wote wawili, ama hakuna."

Nilikubali ili watu wale. Heshima yangu kwa sayansi ilikuwa imefikia hapo.

Jumatatu wakamfunga Mwalimu kidude cha kurekodi moyo kwa siku nzima, kisha wakamkimbiza juu ya mashine ya mazoezi. Mimi nilijitoa damu mwenyewe kliniki kati ya mgonjwa na mgonjwa, nikikaza mpira kwa meno, nikaichanganya chupa yangu na za wengine zinazokwenda maabara ya Rafik. Chupa zetu huandikwa namba tu. Yangu ilikuwa kumi na tisa.

Jumanne asubuhi nikaendesha kilomita arobaini polepole, nikaenda na baiskeli hiyo hiyo kazini. Kliniki yangu iko ghorofa ya pili. Katikati ya ngazi nilisimama nikajifanya nasoma simu, na simu ikalia kweli. Rafik hana kawaida ya kupiga, huleta karatasi.

"Daktari, namba kumi na tisa yuko wapi?"

Nikamuuliza ana nini.

"Damu yake sita nukta moja, nusu ya inayotakiwa. Nimerudia mara mbili nikidhani mashine imekufa. Ni mzee sana?"

"Arobaini na tisa. Mwanamke."

"Basi mlaze. Asitembee huyo, wala asipande ngazi. Hapo kwako amefikaje?"

"Kwa baiskeli," nikasema.

Akasema pole, kwa sauti ya mtu aliyeelewa.

Nilizimaliza zile ngazi kwa makalio, nimekaa, kipandio baada ya kipandio, nikiomba mgonjwa asitokee. Kwenye kioo cha chooni nikavuta chini ukope wa jicho. Ni kitu ninachowafanyia wanawake thelathini kwa siku, sekunde mbili, hata mazungumzo hayakatiki. Ndani palikuwa peupe kama nyama ya nazi. Nikakumbuka barafu, ambayo hutamaniwa na mtu aliyepungukiwa damu, na choo cheusi cha wiki tatu nilichokisingizia dawa na mboga. Vidonge vilikuwa vimenichubua tumbo, na damu ilikuwa ikivuja taratibu huku nikiendesha baiskeli juu yake.

Sasa nitasema jambo la aibu. Nilifurahi. Niliketi juu ya kifuniko cha choo nikalia kwa furaha, kwa sababu uchovu wangu ulikuwa na jina. Haukuwa uvivu, haukuwa uzee, haukuwa moyo mdogo. Furaha hiyo ilidumu labda dakika tano. Baada yake nikajichukia, kwani mgonjwa akija kwangu na dalili hizo sihitaji hata maabara.

Wakanilaza, wakanipa chupa mbili za damu. Wakapitisha kamera kooni wakakuta kidonda. Daktari wa tumbo, kijana mpole, akaniambia mazoezi nisahau hadi mwakani. Anant alikaa pembeni ya kitanda siku mbili bila kufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilinitisha kuliko ile kamera.

Lakini Alhamisi nikiwa nyumbani niliamka nimejaa nguvu. Miezi minne sikuwa nimejisikia hivyo. Nilitembea hadi dirishani na kurudi, pumzi ikatosha, na shetani akaanza kunipigia hesabu. Wiki tano. Vidonge vya chuma, maini, naacha kufunga, naogelea kidogo kidogo. Cheti cha Ketaki kipo, kimesainiwa kabla ya haya yote, na mwisho wa kupeleka ni kesho. Nani atajua? Nikakitoa, nikakiweka mezani, nikakitazama kama mtu anavyotazama pipi akiwa na sukari.

Jioni Mwalimu akaja na majibu yake. Moyo ni mzima. Kule kuruka kwa mapigo ni kawaida tu kwa watu wengine, apunguze chai. Nilisoma kurasa zote, mchoro wote, ndipo nikapiga muhuri. Kilikuwa cheti cha kwanza katika miaka tisa nilichojua kinasema nini.

Akakiona na changu mezani. Alikisoma, akakirudisha pale pale, akakinyoosha kwa kidole.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Ukitaka kwenda, hakuna atakayesema. Tutakaa kimya kama tulivyokuwa tumekaa."

"Kimya kuhusu nini?"

Alizungusha kikombe chake. Mwalimu wa hesabu asiyetaka kutoa jibu ni kitu kigumu kukitazama.

"Tangu Julai tunakusubiri, dada. Kila Jumapili ni zamu ya mtu. Huyu gurudumu limepasuka, yule anataka kukojoa, yule ana simu. Ile ya mnyororo ilikuwa zamu yangu. Haukuwa umetoka."

"Ulishika kifua."

"Nilikuwa nakohoa. Nina baridi ya kifua, ndugu yangu. Ila ulivyonishika mkono nikasema afadhali, labda kwa njia hii na wewe utapimwa."

Nilisikia uso unawaka, na sasa nilikuwa na damu ya kuuwasha. Watu kumi na wanne. Miezi minne. Mimi nikidhani ninakaza mwendo na wenzangu, kumbe wenzangu wanapokezana zamu kunipunguzia mwendo, wakirudi nyumbani wanasimuliana rangi ya uso wangu. Nikamuuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia. Nilipaza sauti, hadi Anant akachungulia kutoka jikoni.

"Nani amwambie daktari kwamba anaumwa?" alisema Mwalimu. "Tulidhani ukiumwa kweli utajua. Na halafu, vyeti vyetu vyote vina muhuri wako. Tukisema Daktari haoni, tunasema nini kuhusu vyeti?"

Nilikaa nikatazama mikono yangu, iliyoanza kuwa na rangi.

"Siendi," nikamwambia. "Nimechoka, Mwalimu. Nimechoka tangu mvua zilipoanza."

"Tunajua," alisema, akanimiminia chai yangu mwenyewe.

Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Neno lile lilipotoka sikuanguka, wala dunia haikuanguka. Nilihisi usingizi tu, usingizi mzito wa mchana. Kabla hajaondoka nikamtuma awatangazie wenzetu kumi na watatu kwamba vyeti nilivyosaini Jumapili nimevifuta. Kesho nafungua kliniki saa moja asubuhi, kila mmoja aje mwenyewe nimpime damu, moyo na presha, ndipo nitapiga muhuri upya. Akaandika pale pale kwenye simu. Majibu yakaanza kuingia, mengi ya kunipa pole, mengine ya vicheko.

Ijumaa Anant alinipandisha ngazi akinishika kiwiko. Nilikaa mezani nimepanga chupa, mpira, pamba. Saa moja wakaja wawili, saa mbili watatu, na wa sita akaja karibu saa tano akiwa na kofia ya baiskeli kichwani. Niliwavuta kope wote sita. Nilisikiliza mioyo yao nimefumba macho, kila mmoja dakika nzima, na nilihisi kama nazijua sura zao kwa mara ya kwanza. Mmoja presha yake ilikuwa mbaya, nikamnyima muhuri, akakubali bila ubishi.

Saba hawakuja. Mchana Mwalimu akanipigia, akazunguka zunguka kama kawaida yake, mwishowe akasema: wamekwenda kwa daktari wa meno wa upande wa pili wa ziwa, amewasainia wote saba ndani ya dakika kumi bila kumgusa hata mmoja. Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kabisa, nikafungua mdomo. Lakini hawakuwa wamefanya jambo geni. Waliamini kwamba cheti ni muhuri na kupimwa ni usumbufu, na hilo hawakuzaliwa nalo. Ni mimi niliyewafundisha.