Viputo vya Asubuhi

"Moja, mbili, tatu, nne!" ilibweka redio kutoka kwenye kipaza sauti, na wafanyakazi mia moja na ishirini wakaruka pamoja ukumbini, wakatua pamoja.

Kurebayashi hakuruka. Goti lake la kulia lilikuwa na ruhusa ya daktari tangu mwaka juzi. Kila asubuhi saa mbili na nusu, wenzake wakifanya mazoezi kabla ya kazi, yeye aliegemea ukuta unaotenga ukumbi na chumba cha diski za buluu, akipunga mikono tu asije akaonekana mvivu.

Asubuhi hiyo ukuta ulitetemeka mgongoni mwake.

Aligeuka, akachungulia kwenye kidirisha. Ng'ambo ya kioo, ndani ya bomba jembamba linalopeleka gundi kwenye mashine ya kupaka, viputo vilikuwa vikipanda kimoja kimoja, vidogo kama mayai ya samaki. Kila miguu ilipotua, vingine vilizaliwa. Muziki ukaisha, watu wakainamiana, wakaenda kazini. Viputo viliendelea kupanda.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kazi ya plastiki. Hakuhitaji mtu wa kumweleza alichokiona: miguu ya wenzake ilikuwa ikitikisa gundi, na kila kiputo kingeharibu diski.

Kiwanda kile cha mkoa wa Gunma kilifyatua diski za sinema za aina mbili zilizokuwa zikipigana sokoni. Zote zilikuwa na picha kali kuliko DVD, na hakuna iliyokubali kucheza kwenye mashine ya mwenzake. Moja iliuzwa katika kasha jekundu, nyingine katika kasha la buluu, kwa hiyo wafanyakazi waliitana Wekundu na Wabuluu kama mashabiki wa mpira. Kurebayashi alikuwa mkuu wa laini ya uzalishaji ya Wekundu. Silaha yao ilikuwa moja tu: urahisi. Diski nyekundu ilitoka kwenye mashine zilezile za DVD, kuukuu, zilizobadilishwa vyuma vichache, na yeye mwenyewe alikuwa amezipunguzia muda wa kazi sekunde baada ya sekunde, kama mtu anayechonga mpini mpaka ukae mkononi.

Diski ya buluu ilibeba zaidi, lakini ilitaka kupakwa gundi iwe ngozi nyembamba kama karatasi, isiyo na doa wala kovu. Katika kila mia, arobaini zilitupwa. Gharama ya zilizotupwa ilibebwa na zilizopona, na hiyo ndiyo iliyokuwa pumzi ya Wekundu. Mteja mkubwa wa Tokyo alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa Desemba atachagua aina moja. Meneja hakuzungusha maneno: laini moja itabaki.

"Mzee, mbona unatafuna kama unahesabu punje?" aliuliza Mama Orihara wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa mkaguzi wa diski nyekundu, mjane mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila siku alileta figili za kuchachuliwa akazisukuma mbele ya Kurebayashi bila kuuliza.

Akamweleza. Mama Orihara akaweka vijiti vyake chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo. Au ufungue ule figili, halafu uufunge tena."

"Kuna karatasi ya njano."

"Karatasi ya njano itanilipia kodi ya nyumba?"

Kiwandani kulikuwa na desturi iliyowazidi umri mameneja wote: ukigundua jambo la kuboresha kazi, unaliandika kwenye karatasi ya njano na kulitundika ubaoni, laini zote zisome. Kurebayashi alikuwa ametundika zaidi ya elfu moja. Ya kupoza kalibu ya kufyatulia, ya kukunja kitambaa, ya mahali pa kuweka bisibisi ili mkono usivuke mashine. Hakuwahi kulala na moja mfukoni.

Hii alilala nayo siku tisa.

Katika siku hizo Wabuluu waliteseka. Mafundi walitumwa kutoka Tokyo, lakini treni yao iliwafikisha saa tano, wakati gundi imeshatulia. Walipima taa, hewa, unyevu, wakakuta kila kitu kizuri. Daftari lilionyesha kwamba diski mbovu huja asubuhi, wakahitimisha kwamba ubovu uko kwa watu wa asubuhi. Mazoezi hakuna aliyeyafikiria. Yalikuwepo kabla ya wengi wao kuajiriwa. Nani hushuku salamu?

Nagumo, mkuu wa Wabuluu, alikutana na Kurebayashi kwenye masinki. Ni Kurebayashi aliyemfundisha, miaka kumi na minne iliyopita, kushika diski kwa ukingo.

"Mwalimu, bado mnachoma mikate ya mchele kule?" alitania, akimaanisha diski nyekundu za mashine kuukuu.

"Yetu haiungui. Yenu nusu inaliwa na pipa."

Nagumo alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Nikimpata anayeniharibia, mwalimu, nitamng'oa na mizizi yake."

Kurebayashi akaendelea kunawa mikono iliyokuwa safi tayari.

Siku ya tisa Nagumo alimpata. Kabla ya mazoezi alimwita mbele Dulce Shimabukuro, binti aliyezaliwa Brazili kwa wajukuu wa wahamiaji wa Kijapani, aliyehudumia mashine ya kupaka zamu ya asubuhi. Glavu zake zilikaguliwa mara tatu bila kuonekana vumbi. Hata hivyo mtu alihitajika. Dulce akainama mpaka nywele zikamfunika uso.

"Ni uzembe wangu," alisema, kwa lafudhi ambayo baadhi ya watu waliiga kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. "Nimewasumbua wote. Nisameheni."

Redio ikaanza.

Dulce aliruka kuliko wote. Aliruka kama mtu anayetaka bidii yake ionekane mpaka Tokyo. Visigino vyake vilipiga sakafu, jasho likamtoka Desemba ile, na ng'ambo ya kioo viputo vikapanda makundi kwa makundi, na kila kimoja kilikuwa diski mbovu itakayoandikwa jina lake.

Kurebayashi aliondoka ukutani. Akavuka ukumbi katikati ya watu wanaoruka, akichechemea, akaitoa karatasi ya njano iliyokunjika, na kuibandika ubaoni.

Nagumo aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Tangu lini, mwalimu?"

"Siku tisa."

"Siku tisa!" Watu waligeuka. "Nimemdhalilisha yule binti mbele ya kiwanda kizima!"

"Ulimsimamisha wewe."

"Na wewe ulitazama."

Nagumo hakumfuata Dulce, alikimbilia mashine.

Mazoezi yalihamishiwa kwenye uwanja wa magari, katika upepo mkavu unaoshuka milimani. Katika wiki moja, zilizotupwa zilitoka arobaini zikawa nane. Gharama ya diski ya buluu ilianguka, ikaanguka tena, na tofauti kati yake na ile nyekundu ikawa bei ya peremende. Mteja hakusubiri mwezi uishe, akachagua buluu.

Meneja alimpa Kurebayashi cheti mbele ya wote: pendekezo bora la mwaka. Alimwahidi pia kazi ya ghala mpaka kustaafu. Watu walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi alikuwa Mama Orihara, makofi makavu, ya taratibu, yaliyoendelea baada ya wengine kunyamaza.

Baadaye Kurebayashi alimkuta kwenye kabati lake akitia viatu vya kazi katika mfuko; mkataba wake haukuongezwa.

"Ungeniuliza kwanza," alisema bila kugeuka.

"Ungesemaje?"

"Ningekukataza."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana hukuniuliza." Akafunga mfuko. "Yule binti amekuja asubuhi kunishukuru. Mimi! Anadhani tuliamua pamoja. Nimemwambia karibu, mwanangu. Ningemwambia nini?"

Akainama kidogo, kama unavyomwinamia mtu wa benki, akaondoka.

Tarehe ishirini na nane, saa nane mchana, Kurebayashi aliizima mashine ya mwisho ya Wekundu. Ilikuwa imekaa moto miaka sita bila kupumzika zaidi ya siku chache. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Kisha chuma kikaanza kupoa, na kwa kupoa kikalia: tak. Kimya. Tak, tak, mahali pengine, ndani zaidi, kama mtu anayetembea katika nyumba tupu akifungua vyumba.

Kurebayashi aliweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa bado na joto. Akavuta kiti, akaketi, mkono ukiwa palepale, akasubiri mlio unaofuata.