Mwizi wa Mabomba Arudishwa Wodini

Muuguzi mkuu alipoambiwa kwamba mwizi aliyeng'oa mabomba ya wodi ya wazazi hataenda jela, bali ataletwa hapo hapo hospitalini kutumikia adhabu, alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Ndiyo sheria mpya, mama," ofisa wa mahakama alimweleza. "Kosa dogo, mtu anatumikia nje."

"Hongereni. Na walioiba dawa mtawakabidhi stoo lini?"

Mwizi akaja: mwembamba, mpole, fundi bomba asiye na kazi. Wauguzi wakambatiza Koki. Mwanzoni muuguzi mkuu alimfuata unyounyo, hata chooni akimsubiri mlangoni, asije akatoka na sinki kwapani. Koki alifagia, akapiga deki, kisha akaomba spana.

"Ya kung'olea?"

"Ya kurudishia, mama. Niliyang'oa mwenyewe, najua yalivyokaa."

Akampa shingo upande. Kabla adhabu haijaisha, maji yalikuwa yakitoka hata kwenye bomba ambalo wauguzi walizoea kutundikia makoti. Wazazi wakaacha kuja na ndoo. Muuguzi mkuu naye, bila kumwambia mtu, akaanza kumwekea Koki chai.

Koki alipomaliza adhabu, mama huyo alikwenda kwa katibu wa hospitali kumwombea kazi.

"Haiwezekani," katibu alisema. "Ana rekodi ya jinai."

"Si alikuwa nayo alipotufanyia bure?"

"Wakati ule alikuwa mhalifu, tulimpokea kisheria. Sasa ni raia huru. Tutamwaminije?"

"Kwa hiyo akaibe tena?"

"Hapo tutampokea, kwa utaratibu."

Muuguzi mkuu aliondoka, akaubamiza mlango.

Jumamosi choo cha nyumbani kwa katibu kikafurika mpaka sebuleni, na wakwe wamekaa. Dereva akatumwa mbio kumtafuta Koki. Rekodi ya jinai, kumbe, haina ugomvi na choo cha bosi.

Dereva hakuwa na kifua cha siri. Jumatatu asubuhi muuguzi mkuu akaingia kwa katibu bila kubisha hodi, Koki nyuma yake na sanduku la vifaa.

"Nasikia wakwe waliondoka na miguu mikavu."

Katibu akakohoa, akatazama dirishani, akavuta karatasi. Akaandika: kibarua wa muda, mpaka kanuni zitakaporekebishwa.

Huko koridoni Koki akauliza kwa wasiwasi, "Zitarekebishwa lini, mama?"

"Tulia, mwanangu," alijibu. "Utastaafu kwanza."