Uso wa Bi Mashavu

Mama yangu aliitwa Mashavu, na mashavu ndiyo yaliyomponza. Alikuwa mweupe tangu utotoni, lakini alipofika makamo ngozi ilianza kuwiva. Puani na mashavuni palikuwa pekundu asubuhi na jioni, na juu ya wekundu huo vimishipa vyembamba vimetambaa kama nyuzi za zafarani. Akinywa chai ya moto, vinawaka. Akipita juani, vinawaka. Daktari alimwambia si ugonjwa, ni vimishipa tu vimetanuka, aache pilipili na ajikinge na jua. Sasa nenda ukawaeleze hayo watu wa Mkunazini!

Watu wa mji, Mungu awasamehe, maana mimi bado. Wengine walisema Bi Mashavu anakunywa, kwa kuwa wamewaona Wazungu walevi wana pua kama ile. Wengine walisema ni ukoma unaanza. Katika harusi moja huko Mtoni tulikaa watu wanne sinia moja. Mwanamke mmoja alimtazama mama usoni, akajikohoza, akainuka akaenda kula sinia nyingine. Mama alinawa mkono, akavaa buibui lake, tukarudi mjini na njaa zetu. Tangu siku ile hakula tena na watu.

Basi posa ya Usi ilipokuja, mwaka wa hamsini na nne, furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Usi wa Jang'ombe nilimtaka, niseme nini zaidi? Baba alikwisha kufa, na mjomba wangu alikwisha kuzungumza na wanaume wenzake. Likabaki la wanawake. Mama yake Usi, Bi Mwatima, na dada yake Usi, Bi Kazija, wangekuja Alhamisi kuniona mimi na kuiona nyumba. Na nani asiyejua, wakija kuiona nyumba, wanatafuta nini? Wanatafuta maradhi ya ukoo.

"Mama, nikupake," nilimwambia.

"Unanionea haya, Mwanaasha?"

"La, mama. Nawaogopa wao."

Alinitazama sana, kisha akanipa uso wake.

Tulipanga hivi: mama atawadhe, asali adhuhuri, ndipo nimpake, na udhu ule aushikilie mpaka alasiri. Liwa, ule mti wa manukato tunaousaga tukajipaka, ikishakauka usoni, maji hayafiki kwenye ngozi. Na ukiiosha, kazi yote imekwenda. Nilisaga liwa kwa marashi mawaridi, nikaipaka nyembamba, kwa kugusagusa tu na ncha ya kidole, maana ukisugua damu inapanda. Ilipokauka nikaja na poda ya kopo. Lo! Poda peke yake ilimtoa kama mtu aliyetoka kuchekecha unga, tukacheka sote wawili. Nikaifuta taratibu, nikaichanganya na dalia, ule umanjano ukaumeza wekundu, rangi ikakaa. Puani nilirudia kwa pamba. Wallahi, vimishipa vilizama vyote.

Mama alijitazama kiooni. Akageuza shavu hili, akageuza na lile.

"Kumbe mie nlikuwa mzuri," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Usilie, mama! Utaharibu!"

Asilie yeye, hofu ikamshika tumbo. Mama yangu akiogopa, tumbo halimstahi. Wageni wanakaribia kufika, yeye huyo chooni. Anatoka tu, kopo la maji bado mkononi, hodi ikapigwa. Mimi mwari sifungui mlango, nilikwisha kujificha nyuma ya pazia. Akafungua yeye, na kopo akalisukuma kwa mguu nyuma ya mlango.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu salaam. Karibuni, karibuni ndani."

Nilichungulia. Bi Kazija alisifu kahawa, akasifu kashata, akasifu hata ukuta. Bi Mwatima alikuwa mtu wa maneno machache, na macho yake hayakubanduka usoni kwa mama. Nikawa nahesabu tumefanikiwa: hakuna anachokiona, hakuna.

Ikaadhiniwa alasiri. "Tusali kwanza," alisema Bi Mwatima, "ndipo tumwone mtoto." Wakaenda kutawadha, wakarudi na nyuso zinatona maji. "Na wewe, Bi Mashavu?"

"Nnao udhu," alijibu mama.

Udhu gani tena, na chooni ametoka sasa hivi?

"Basi tusalishe wewe," alisema Bi Mwatima. "Nnasikia marehemu babako alikuwa mwalimu wa chuo."

Mama alisimama katikati yao juu ya msala, kanga yake kaivuta vizuri. Na mimi nyuma ya pazia naomba, dua gani ile: salisha, mama, salisha, nani atajua? Mikono yake ikapanda. Ikabaki juu. Kisha ikashuka.

"Nisameheni," akasema. "Nimekudanganyeni. Udhu sina."

Akatoka. Nikasikia maji yanamwagika uani, yanamwagika, na kila yakimwagika namwona Usi wangu anakwenda nayo. Aliporudi nilitamani ardhi inimeze. Uso wote mwekundu kwa kusuguliwa, vimishipa vimesimama, na liwa imebaki utepe mweupe kwenye paji. "Lahaula!" alinong'ona Bi Kazija. Mama hakumtazama mtu. Akatoa takbira, wakasali nyuma yake.

Baada ya sala nikaitwa. Nikatoka na sinia ya pilau, nikasema shikamoo, nikabusu mikono. Hakuna aliyenitazama! Mama alikaa mbali, ukutani, kanga kaipandisha mpaka machoni.

"Kuleni, jamaa. Mie nshakula."

Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

"Bi Mashavu," alisema Bi Mwatima. "Ulipotufungulia mlango, kopo la chooni nliliona."

Mama akainamisha kichwa.

"Nlijua huna udhu. Ndiyo maana nkakwambia utusalishe. Huo uso wako nnauona sokoni siku zote, na wanayoyasema nnayasikia. Leo nimekuta umeupaka, nkasema, mtu huyu akiweza kuuficha uso, ataficha na nini kingine? Sasa nshajua."

Mama aliwaka mpaka shingoni. Bi Mwatima akakunja mkono wa kanzu yake, akachambua nyama kwa vidole vyake, akaiweka upande wa sinia usio na mtu.

"Sogea. Hatuli mpaka mkwe wa Usi aanze."

Mama akasogea, polepole. Kanga ikamtoka usoni, asiiokote. Nikamletea birika na bakuli anawe. Akanyoosha mkono, lakini kabla ya maji, na kabla ya kuwatazama wale wageni, akaniinulia macho mimi, mwanawe, kuona kama bado namwonea haya.

Nikainamisha uso wangu laini usio na doa, nikammiminia maji.