Kadi ya Majeruhi

"Koruna elfu tano kwenda kulala kwenye tope!" Otakar alimaka siku alipokabidhiwa tiketi. "Shemeji, akili zako ziko wapi? Kule machimboni tope ni bure."

Radim alicheka tu. Alijua angeyasikia hayo. Kwa miaka kumi na mmoja yeye na Otakar, kaka wa mkewe, walikuwa wakicheza vita kila Jumapili kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji wa Ostrava. Watu ishirini hivi, bunduki za plastiki zinazorusha vidonge vidogo kuliko mbaazi, halafu soseji za kuchoma, bia, na kila mtu kwake. Lakini Radim alitaka kitu kikubwa kabla magoti hayajamwishia. Msitu mzima uliokuwa wa jeshi zamani, watu elfu moja na mia mbili, makamanda, redio, vifaru vya kweli. Otakar alikuwa anatimiza miaka hamsini, basi akamlipia na yeye, akaiita zawadi ili asipate pa kukatalia.

Vlasta, mke wa Radim, alikuwa anafunga mkate na nyama kwenye karatasi. "Mkitaka kuchezea pesa, chezeeni," alisema. "Ila huyu kaka yangu ana kisukari na ni mkaidi. Akijichoma sindano ya insulini asipokula, anaanguka. Radim, umrudishe kama ulivyomchukua."

"Kwani mimi mtoto?" Otakar akauliza.

"Mtoto ana nafuu. Mtoto anasikia."

Walifika msituni Ijumaa jioni, na ule mkate wa Vlasta wakaumaliza usiku huo huo. Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa umeukalia msitu hata miti ya mbele ikaonekana nusu. Baridi ya Oktoba, ile inayoingia kwenye mifupa na kukaa. Otakar alijichoma insulini yake saa kumi na mbili, akaenda kupanga foleni ya chai. Foleni ilikuwa ndefu ajabu. Parapanda ikalia akiwa na nusu mkate mkononi.

"Elfu tano," alisema huku akitafuna, "na supu sijaionja."

"Utakula mchana," Radim akamwambia.

Mwamuzi, mwanamke mrefu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, alipanda juu ya kreti akasoma sheria kwa kipaza sauti. Ukipigwa, jivike kitambaa chekundu, lala chini, nyamaza. Maiti haongei. Kila mchezaji ana bahasha iliyofungwa, na ndani yake mna kadi. Daktari wa kikosi akikufikia ataifungua aisome, na kadi ndiyo itakayosema umeumia nini. Nawe unaigiza vivyo hivyo. Atakufunga bendeji, na kama kadi inasema ubebwe, utamngoja wa kukubeba hata ikichukua siku nzima.

"Na mtu akiumia kweli," mwamuzi alimaliza, "filimbi mara tatu, na mpige kelele: Kweli! Kweli! Msitu mzima utasimama. Atakayefanya hivyo kwa mzaha anatoka, na harudishiwi hata senti."

Otakar alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo mchezo huu ulipompata. Vidonge vile haviachi alama, na anayejua kwamba umepigwa ni wewe mwenyewe na roho yako. Kule machimboni wapo wasiokufa, watu wazima ovyo wanaopigwa kumi wakaendelea kukimbia. Otakar hakuwa hivyo. Siku moja kijiti kilimgonga shingoni akajihesabu amekufa. Na akishakufa amekufa. Mbwa wa mpita njia aliwahi kumkojolea buti, asitikisike. Watu walicheka mwaka mzima.

Safari hii kikosi kilimpa Radim kazi ya udaktari: mfuko wa bendeji na msalaba wa kitambaa begani. Walipokuwa wanajifunga vizibao, Otakar alimpa kopo dogo la vidonge vya glukosi, sukari ya dharura.

"Mifuko yangu imejaa magazini za bunduki. Nishikie. Si wewe ndiye daktari?"

"Usinipotee, basi."

"Nipotelee wapi? Kila nikigeuka nakuona wewe."

Kamanda wao, Hynek, ambaye siku za kazi anang'oa watu meno mjini Brno, aliwapeleka kwenye handaki la zamani ng'ambo ya kijito, karibu na daraja walilotakiwa kulilinda, akawaambia wangoje. Wakangoja. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Maji yaliingia viatuni. Hakuna kilichotokea.

"Hesabu nzuri hii," Otakar alinong'ona. "Elfu tano kulipia kungoja. Ningekaa kituo cha basi."

Lakini kufika saa nne unusu alikuwa ameacha kulalamika. Radim aliona hilo, akadhani amekubali yaishe. Laiti angejua.

Saa tano vidonge vilianza kumiminika kutoka kwenye misonobari. Watu waliinuka, wakakimbia, wakapiga kelele. Radim alimwona Otakar akijitoa handakini kwa shida, akayumba, akapiga hatua sita au saba, halafu mkono ukaenda taratibu kichwani ukakiweka kitambaa chekundu. Akalala chini ya mti.

Radim alimwendea kwa kutambaa. "Shem! Wamekuweza?"

Otakar alikuwa analowa jasho. Jasho, kwenye baridi ile! Midomo ilikuwa myeupe na inacheza. Alisema kitu kama neno, halikutoka. Macho yalimtazama Radim kama vile hamjui.

Radim alimtoa bahasha kifuani, akaichana, akasoma kadi. *Amepigwa kichwani. Haongei. Hatembei. Abebwe na watu wawili.*

Basi akacheka. Yesu na Maria, jinsi alivyocheka! Mtu wa buti la mbwa huyu hapa, ametoa hadi jasho. Haikumjia akilini kwamba kadi ilikuwa imefungwa mpaka dakika ile, na kwamba Otakar hakuwa na njia ya kujua imeandikwa nini.

"Umeiweza, shem," alisema akimzungushia bendeji kichwani. "Sasa pesa yangu inarudi."

Otakar aliinua mkono ukamgusa Radim mfukoni, ukaanguka. Ulikuwa baridi kama chuma. Hapo Radim alisita. Kuna kitu kilimchoma moyoni, kidogo tu.

"Daktari!" Hynek alipiga kelele kutoka darajani. "Daktari, tunakwisha huku! Umelala?"

"Naenda kutafuta wa kukubeba," Radim alimwambia Otakar. Akamwekea kadi kifuani, chini ya mkanda wa kizibao, kama sheria ilivyotaka, akakimbia.

Niseme nini? Ilikuwa siku tamu kuliko zote alizowahi kucheza. Aliwafunga bendeji watu kumi na wanne. Daraja walilipoteza, wakalirudisha, wakalipoteza tena. Kifaru kilipita karibu mpaka ardhi ikatetemeka tumboni. Mara mbili alikumbuka wale watu wawili wa kubeba, na mara mbili akaitwa kwingine. Na huko chini ya mti watu walipita, wa kikosi chao na maadui. Waliona kitambaa, bendeji, kadi. Waliinama wakasoma, wakaendelea na safari. Kijana mmoja kutoka mji wa Olomouc alisema baadaye kwamba alimpigia saluti, kwa jinsi alivyoigiza vizuri.

Saa tisa daraja likawa lao. Radim aliketi juu ya ukingo, akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kujifuta uso. Mkono ukakuta kopo.

Akili zilimruka. Hakumjibu Hynek, hakuchukua bunduki. Alikimbia akivuka kijito pasipo kivuko, akaanguka, akainuka. Otakar alikuwa pale pale, upande ule ule. Jasho lilikuwa limekauka. Povu lilikuwa mdomoni, na macho nusu wazi.

"Otakar! Otakar, kaka, amka!"

Alipiga filimbi mara tatu. "Kweli!" alipaza. "Kweli! Kweli!" Sauti nyingine ikalipokea neno lile, na nyingine mbali zaidi, likaenda msitu mzima. Mlio mmoja baada ya mwingine ukakatika. Watu elfu moja na mia mbili walinyamaza, na Radim akasikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani. Alikuwa anajaribu kutia kidonge kati ya meno yaliyofungana.

Gari la wagonjwa lilifika kwa dakika kumi na mbili. Waandaaji walikuwa wameahidi kumi na tano. Muuguzi alipima damu, akatazama kipimo, akakipima tena.

"Yuko hivi tangu lini?"

Radim alikuwa ameshaichomoa ile kadi kifuani akaitia mfukoni mwa kizibao. "Muda si mrefu," alisema. "Saa nane hivi. Sikuwepo."

Vlasta aliambiwa hivyo hivyo, saa nane. Aliambiwa hospitali, akaambiwa na mumewe, akaamini, akamshukuru kwa kumpata. Hilo ndilo lililomla Radim usiku na mchana, ile shukrani. Maana Otakar hakufa. Walimleta nyumbani Januari, wakamtandikia chumba cha mbele penye jua. Daktari aliwaambia bila kuzungushazungusha: ubongo ulikaa muda mrefu mno bila sukari.

Mwezi wa tatu Vlasta aliamua kufua vile vizibao viwili aviuze. Pesa ya nepi za Otakar ilihitajika. Aliingia jikoni alimokuwa Radim, na kadi mkononi, imekunjamana.

"Hii imetoka wapi? Daktari gani kaandika?" Akasoma kwa sauti. "Haongei. Hatembei. Abebwe na watu wawili." Alitazama mlango wa chumba cha mbele. "Ndivyo alivyo. Mbona haina sahihi?"

Radim angeweza kusema ni ya hospitali. Neno lilishafika ulimini. Aliketi, akaweka mikono mezani.

"Si ya hospitali. Ni ya mchezo. Niliisoma mimi, nikadhani anaigiza."

"Saa ngapi?"

"Vlasta..."

"Radim, saa ngapi?"

"Saa tano na kidogo. Kopo nilikuwa nalo mimi. Aligusa mfuko wangu."

Vlasta aliitandaza kadi mezani, akainyoosha kwa kiganja mara moja, mara mbili. Saa ya ukutani ilifika kumi, saa ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda.

"Njoo ushike miguu," alisema. "Tukimaliza, toka. Sitaki kukuona humu ndani."

Walimgeuza, yeye mabega, mumewe miguu, kwa hesabu ya tatu kama siku zote. Otakar alitazama dari. Radim akachukua koti, akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje.

Alikaa pale kwa saa mbili, mpaka saa ya kumgeuza tena. Kisha mlango ukafunguka, na Vlasta, bila kumtazama, akamwita tena ndani ashike miguu.